Dumu la Asali Kwenda Usoke

Baba Zuhura, mume wangu,

Nakusalimu kutoka Usoke. Mimi ni mzima, na magoti uliyoyahofia ni mazima pia.

Leo tumeanza mbio zetu za baiskeli kwenye njia ya zamani ya misafara. Tulipotoka Tabora wenzangu walinitania kama wewe, eti mwenye baiskeli ya umeme hanyongi, anabebwa. Tukapumzika kijiji kimoja njiani, na mama mmoja akaizunguka baiskeli yangu, akaikagua mpaka nyuma.

"Ina mota, lakini haina keria?" akauliza. "Sasa Usoke inakwenda kufanya nini?"

Akaingia ndani, akatoka na dumu la asali la kumpelekea binti yake aliyejifungua juzi huku Usoke. Akavua kanga yake ya juu, akanifunga dumu mgongoni kama mtoto. Nimevuka mchanga wote nalo, jua kali, mota inavuma na mimi nanyonga. Kwenye kilima niliwapita wawili wa wale watani.

Mume wa yule binti alinisubiri penye reli, akanipeleka nyumbani. Nikanywa uji wa moto wenye asali ileile, kichanga nimekipakata.

"Mama amepiga simu," mzazi akaniambia. "Kesho mkirudi, umpelekee kanga yake na dumu tupu."

Nibusie watoto. Na wewe mpenzi, kabla sijafika, nitafutie keria.

Mama Zuhura