Nilivyowapanga Ng'ombe wa Baba

Apolonia, nimevunja zizi la Baba. Narudia: zizi la Baba, hapa Sapiwi, nimelivunja kwa algoriti.

Baba mdogo Masalu alikuja kutusalimia, akaniuliza, "Milembe, miaka mitatu hiyo ya kompyuta mnafundishwa nini hasa?" Si ningesema tu tunatengeneza simu, yaishe! Mdomo wangu ukasema, "Njoo nikuonyeshe."

Unakumbuka ile algoriti ya mwaka wa pili, ile njia ya kupanga vitu kwa ukubwa? Unalinganisha wawili waliopakana, mkubwa unamsogeza nyuma, unarudia mpaka mwisho. Ile niliyopata C. Nikaifanya kwa ng'ombe tisa, mmoja mmoja, na fimbo mkononi.

Na lile dume ambalo Baba hulifunga peke yake nje? Nikalifungua nikaliingiza, eti data isipungue. DATA, Apo!

Na ilifanya kazi! Ndiyo inayoniuma. Wadogo wote mbele, na kule mwisho wale wawili wakubwa kuliko wote, bega kwa bega. Madume yote mawili.

Sekunde tatu tu. Uzio uko kwenye pamba ya jirani, na ng'ombe nao wako huko huko wanakula.

Baba alitoka ndani na kikombe chake cha chai. Hakufoka, bora angefoka. Akasema taratibu, "Mwanangu, fahali wawili hawakai zizi moja. Hiyo si ya chuo. Hiyo ulifundishwa darasa la tatu."

Na hilo swali la methali nililipata, Apo. Darasa zima lilinipigia makofi.