Hata Mugonjwa Mumoja

Yaya Béatrice, dada yangu mukubwa, salamu kwako na kwa balimu benzetu ba Mitwaba.

Mulinituma Lubumbashi niangalie namna benzetu banachunga afya ya banafunzi na balimu. Basi nimeona. Lycée moja, masomo ya sekondari ya mutaa wa Hewa Bora, imetengeneza chumba ya kupumuzikia bagonjwa: kitanda mupya, shuka nyeupe, na ruban nyekundu, utepe wa sherehe, ku mulango. Sisi bote tulisimama mu jua tangu asubuyi, tukingojea mukubwa wa serikali aje kuikata.

Mwanafunzi mumoja akaanguka, hakukula kitu. Nikamubeba mbio mupaka ku ile chumba. Prefet, mukubwa wa lycée, akanifungia njia na mikono yote mbili: "Mwalimu, hapana! Ruban bado kukatwa!" Tukamulalisha chini ku barza, mama muuza mikate akamupa chai ya sukari.

Karibu midi, saa sita ya muchana, mukubwa wa serikali akafika, ruban ikakatwa. Prefet akasema na furaha: "Excellence, banafunzi betu beko bazima kabisa. Tangu asubuyi hata mugonjwa mumoja hakuingia humu!"

Tukapiga makofi, mimi pia.

Yaya wangu, ukichoka huko, lala tu. Usingojee muntu wa kukukatia ruban.

Mudogo yako,
Kalenga