Mwita Hakuguna

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Mwita atakuwa mwalimu! Wamemchagua kwenda chuo. Nyamwaga nzima ijue. Nilikuwa naanika ulezi alipoingia mbio na habari, nikawaachia kuku waule. Waule tu. Mimi nilifika darasa la nne misheni, wakasema kwa mwanamke inatosha. Sasa mwanangu atawafundisha watoto wa hao hao waliosema. Nimepita kwa Robi, mke mwenzangu, kumsimulia mara ya pili. Akasema, "Mama Mwita, nilikusikia toka bondeni." Wivu huo. Nampenda hivyo hivyo.

Ugali hakuugusa. Furaha imemjaa tumboni.

Jumatano, 6 Agosti

Kumbe si furaha. Jana alishinda amelala, amejikunja. Anasema ni tumbo tu.

Leo tumepanda lori la mahindi mpaka hospitali, Tarime mjini. Watu wengi. Nilisimama mlangoni nione. Daktari alimbonyeza tumbo upande wa kulia, macho yake usoni kwa Mwita. Mwita kimya. Uso ule wa siku ya kutahiriwa, ambao wajomba zake wanausimulia mpaka leo. Mimi sikuwepo siku ile. Leo nimeuona kwa macho yangu. Jiwe!

Daktari akasema, "Huyu hana kitu. Ingekuwa kitu angeruka." Hakumuuliza hata neno moja. Akampa mafuta ya mbarika anywe, tumbo lisafike.

Nilitoka kichwa juu. Nikawaambia wanawake wa kwenye benchi, "Mmemwona omomura wangu? Kijana wetu akishatahiriwa halii tena." Mama mmoja wa Kijaluo akanijibu, "Sisi tuling'olewa meno ya chini, mama, na hatukuja kutangaza hospitali." Tulicheka mpaka dresa wa kufunga vidonda akatufukuza.

Alhamisi, 7 Agosti

Mafuta yamemtesa sana. Lakini mchana maumivu yamekatika. Ghafla, kama kamba. Amekunywa uji kidogo. Ametabasamu. Nimepiga vigelegele peke yangu jikoni. Yule daktari anaijua kazi yake, nimemwambia Robi, na nimemwambia kila aliyepita njiani.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumbo gumu kama ubao. Jasho la baridi. Tumembeba na kitanda chake mpaka barabarani, tukangoja lori juani. Sikumbuki njia.

Daktari mwingine, mgeni hapa, ndiye aliyempasua. Alitoka na uso mbaya. Anasema kuna kiutumbo kama kidole, kilivimba, kikapasuka, usaha umejaa kote. Pale maumivu yalipokatika ndipo kilipopasuka. Na mtu wa namna hiyo hapewi mafuta kamwe. Mimi nilipiga vigelegele.

Akaniuliza, "Mbona mmechelewa, mama?"

Hatukuchelewa! Tulikuwa hapa Jumatano. Nikamwonyesha kwa kidole yule aliyembonyeza, amesimama palepale na koti lake jeupe. Mgeni akamgeukia. Yule akasema, "Hakulalamika." Basi. Akaenda kunawa mikono.

Jumapili, 10 Agosti

Mwita amekufa. Alfajiri.

Jana nilipokuwa nampangusa midomo aliniambia tumbo liliuma kama moto tangu Jumatatu. Nikamuuliza, sasa mbona hukumwambia daktari, mwanangu? Akasema, "Mama, ulikuwa mlangoni."

Siwezi kuandika.

Alhamisi, 14 Agosti

Amezikwa hapa nyumbani, karibu na babu yake. Watu walikuwa wengi mno. Sikuwaona.

Nikisaga ulezi namsikia anaguna. Chini ya jiwe. Nikiacha, kimya. Nikisaga tena, anaguna. Alipokuwa hai hakuguna hata mara moja. Robi amenipokonya kapu. "Lete huku, nitasaga mimi, wewe kaa." Nikakaa. Nikamsikia kwenye jiwe la Robi pia. Sikumwambia. Nilitoka nikaenda mpaka kwenye migomba, nikaziba masikio.

Namchukia yule daktari. Naandika hivyo, Mungu aone. Ng'ombe hana maneno, lakini mume wangu Marwa akimshuku anaumwa humshika pua, huangalia kinyesi, huangalia anavyolala. Mwanangu alitazamwa uso tu. Amekaa miaka mingapi pale Tarime, na bado hajajua nyuso zetu? Si angeuliza! Si angenitoa mlangoni!

Jumamosi, 16 Agosti

Leo Mwita yuko mlangoni kwangu. Si mzima wote, ni uso. Nikitazama ukuta, najua uko nyuma yangu. Haunilaumu. Afadhali ungenilaumu.

Marwa anasema nile. Nimekula.

Jumanne, 19 Agosti

Mvua ndogo asubuhi. Nimepalilia kidogo.

Nyangi, kitinda mimba wangu, amechomwa na mwiba kisigino. Akang'ata mdomo, akanyamaza, akanitazama kama anayengoja nimsifu. Nikamwambia lia. Akadhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia tena, lia mama, unaumwa. Akalia kidogo, ili anifurahishe. Nikautoa mwiba.

Shemeji yangu kutoka Nyanungu amekuja kupanga siku ya kunyolewa nywele za msiba. Anasema wazee watasimama waseme habari za Mwita, alivyokufa kiume, hakuguna mpaka mwisho. Vijana wasikie. Marwa aliinua kichwa. Mara ya kwanza tangu tumzike nimemwona na uso wa mtu. Nilitaka kusema wasiseme hilo. Waseme lolote, alivyocheka, alivyosoma kwa sauti, hilo wasiseme. Nikamwangalia Marwa. Nikanyamaza.

Robi amesaga ulezi wote wa pombe. Ukoo mzima unakuja, na watu wa Nyanungu. Jumamosi, tarehe ishirini na tatu.