Vidole Viwili Nilivyokuonyesha

Mama Mutheu wangu,

Jumatatu nilipokea darasa jipya pale chuoni. Kama kila mwaka, nilianza na somo la kusikiliza. Niliwaambia mawasiliano hayaanzi mdomoni, huanza sikioni, nao wakaandika. Kisha nikageukia ubao nikijifanya natafuta kalamu, maana machozi yalikuwa yamenitangulia.

Ungekuwepo ungenicheka. Tulipohamia Mumbuni, jirani yetu Mama Kioko alikuuliza mumeo anafundisha nini, ukamjibu, "Anafundisha watu wazima kuongea. Na wanalipa karo." Mlicheka hadi nikatoka nje kuona kuna nini. Hukujua kufupisha habari. Ukienda Mwala kutazama mbuzi wetu, ulirudi na safari nzima: binti wa nani anaolewa, punda wa nani amegoma njiani na mkokoteni, mvua imefika wapi. Nilikupenda kwa hilo. Nakwambia leo kwa sababu wakati ule nilidhani unajua.

Kosa langu nililitoa darasani nikalileta nyumbani. Wanafunzi wangu wakihutubu, mimi hukaa kiti cha nyuma na kuinua vidole viwili kuwaonya kwamba wamebakiwa na dakika mbili. Baada ya miaka mingi mkono huo huinuka wenyewe. Alhamisi ile nilikuwa nasahihisha mezani, ukaniwekea chai, ukaketi.

"Baba Mutheu, leo nilipitia hosipitali. Sasa wacha nikuambie vile ilianza."

Sikuinua macho. Niliinua vidole viwili.

Ukasema, "Basi. Ni tumbo tu. Wamenipa dawa."

Nikasema, "Vizuri." Hilo ndilo neno pekee nililokupa, nikaendelea kumkata alama mtoto wa watu kwa kutowatazama wasikilizaji wake machoni.

Ulipolazwa, daktari aliniuliza maumivu yalianza lini, na ulianza kukonda lini. Mimi, mwalimu wa mawasiliano, nilisimama kama bubu. Mama Kioko, aliyekuja kukuletea uji, ndiye aliyejibu yote, hata rangi ya vidonge. Nilimfuata nje nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Alikataa, mwalimu. Alisema uko na mitihani ya watu, usisumbuliwe."

Watu husema mganga hajigangi. Mimi sikujiganga, na aliyezikwa ni wewe. Daktari hakuniambia kama ungepona lau tungekuja mapema, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Nililala na swali hilo na bado nalala nalo.

Nina hasira nawe pia, nikubali. Ungevipiga vile vidole na kijiko. Ungeninyang'anya makaratasi ukayakalia. Lakini najua ningenuna hadi Jumapili, nawe ulijua, ukachagua amani ya nyumba. Moyo unaniuma sana, mama. Hata chai siku hizi nakunywa nimesimama.

Leo asubuhi Mutheu wetu alipiga simu kutoka Mlolongo. Kazi iko, alisema. Nyumba iko. Sauti yake ilikuwa imechoka, na nilisikia kama amelia. Nikazima redio, nikaketi.

"Niambie yote, mama. Niko na siku nzima."

"Hakuna mengi, baba. Wewe endelea na kazi."

"Sina kazi, Mutheu."

"Sawa baba. Tutaongea." Akakata.

Hakuna aliyemfundisha kufupisha ila mimi, kwenye meza ile ile, na sikuwahi kumwona akijifunza. Ana jambo, na mwenye kuambiwa hayupo tena. Wewe ulijua jinsi anavyoanza, kama ni kwa kuzunguka au kwa kulia kwanza, na ni wapi mtu anyamaze ili aendelee. Mimi sijui. Kesho nitampigia tena, na nikishindwa nitapanda gari niende nikakae kwake mpaka achoke kunificha.

Pumzika, mpenzi wangu. Nisamehe.

Mumeo,
Baba Mutheu