Majivu Niliyoyaonea Haya

Makorora, Tanga

Mama yangu,

Shikamoo. Leo navunja desturi, maana kabla sijakuuliza hali nataka ufanye jambo moja: mahindi yaliyo darini usile tena, hata punje. Unga uliokwisha twangwa umwage. Kuku usiwape. Mjomba Bakari ayafukie yote mbali na kisima, kisha mnawe kwa sabuni. Na akitetemeka mtu yeyote, mpelekeni hospitali Pangani, msingoje.

Barua ya mjomba imenifikia asubuhi hii. Ndimo nilimosoma kwamba Mwanaidi, dada yangu wa pekee, mmekwisha mzika. Alitetemeka siku mbili, mkadhani ni homa. Chini yake mjomba ameandika, kwa kunifurahisha: "Ile dawa uliyotuagiza imefanya kazi kwelikweli. Mwanaidi aliinunua dukani akaichanganya mwenyewe, na fukusi hata mmoja hatumwoni."

Mama, sikuwaagiza ule unga mweupe wa dukani wa kuulia wadudu. Niliandika, "Mahindi yakiingia fukusi, tieni dawa kama tufanyavyo sisi mjini." Dawa niliyokuwa nayo moyoni ni majivu. Majivu yako wewe, ya jikoni, yaliyochekechwa, pamoja na majani makavu ya mwarobaini. Ndiyo nitumiayo hapa. Hata bustani ya tajiri wangu naitunza kwa maji ya sabuni na pilipili ya kutwanga, na kunguni wa kitanda changu nawaua kwa maji ya moto na jua. Yote umenifunza wewe.

Lakini niliona haya kuandika majivu. Nilijua barua itasomwa barazani, watu wanasikiliza, nikataka waseme Athumani sasa ni mtu wa mjini. Ningeandika majivu ungecheka, ukasema, "Ati huyu anifunza mimi kazi yangu!" na Mwanaidi angekwenda jikoni, asingekwenda dukani. Husemwa majuto ni mjukuu. Haya yangu nimeyazaa mwenyewe.

Sina la kukufariji. Sikumtia dada yangu udongo, na hata ningekuwapo, ningeutia kwa mkono gani? Lori la Pangani limejaa, dereva amekubali kuchukua barua tu. Mimi naanza njia kwa miguu. Nikifika ukitaka kunifukuza nifukuze, ila nikukute hai.

Nisalimie shangazi aliyemwosha, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemsalia, na majirani waliowaletea chakula. Chakula chao ndicho mle.

Mjomba, wewe unayemsomea mama, soma polepole, usiruke kitu wala usipambe. Palipoandikwa majivu, soma majivu. Na ule unga mweupe, akikuuliza jina lake, usimwambie dawa. Mwambie sumu.

Mwanao aliyekukosea,
Athumani