Jina Chini ya Gauni

3 Machi

Kwako binti yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baba yako hajambo, ila mgongo. Bibi yako anakula vizuri na analalamika vizuri. Kaka yako mzima, mkewe mzima, mtoto wao ameota jino na anatung'ata sote. Mimi niko salama, wasiwasi tu. Wewe je, unakula?

Fundi simu amenionyesha ile tovuti ya duka mliyoitengeneza kazini kwenu. Kafungua lile gauni la bluu, chini yake nikaona: "Limeshonwa na Mama Pindo." Mwanangu! Mwenye duka hataki wateja watujue sisi tunaomshonea; akiona, ataacha kunipa vitambaa. Toa jina langu, nakusihi.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo mama,

Nawasalimu wote, na mwenye jino pia. Nakula.

Mwenye duka ameshaona. Bosi wangu kaniambia niyaondoe majina. Sikia, mama: tovuti ina mandhari, ndiyo nguo yake, rangi na mpangilio. Hiyo aliichagua mwenye duka, sijaigusa. Mimi nimeongeza moduli tu, kama wewe unavyobandika mfuko kwenye gauni lililokwishashonwa. Kazi yake moja, kutaja aliyeshona. Mafundi wenzako wote wamo. Nikiizima, mnapotea wote. Nimemwambia bosi namngoja mama yangu aseme. Basi sema.

Binti yako

30 Machi

Kwako mwanangu,

Wa nyumbani wote wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliogopa, nisikufiche.

Jana mwenye duka kaja mwenyewe, kasimama mlangoni na viatu vyake vya kung'aa. "Mwambie binti yako azime yale majina, la sivyo huoni kitambaa changu tena." Ulimi ulikuwa tayari kusema, "Ndiyo, baba." Mara akaingia mama mmoja nisiyemjua, simu mkononi: "Mama Pindo ni nani hapa? Nataka la bluu kama hili."

Mwenye duka akadakia, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Mbele yangu! Na futi ya kupimia iko shingoni kwangu!

Nikamkunjia vitambaa vyake vyote, nikambebesha. "Chukua, baba. Mama Pindo ni mimi." Yule mama nikaanza kumpima hapohapo.

Usizime. Wakikufukuza, kitanda chako kipo na cherehani ya pili ipo. Tena hayo maandishi yakuze, bibi yako hayaoni. Nijibu upesi, mwanangu, maana nimesema makubwa.

Mama yako, Mama Pindo