Tokeni Iliyobaki Mfukoni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kabla hata sijaketi vizuri, maana nikichelewa utasema cheo kimenipanda kichwani. Kifua chako kinasemaje? Na Mama, mgongo umemwachia, au bado akiinuka kitini nyumba nzima inapata habari? Mimi ni mzima, ila kuna jambo limenikaa kooni, na nisipolitoa nitapasuka.

Najua hupendi habari za makumbusho haya ya reli. Nilipopata kazi hapa ulisema kazi ni kazi, ukageukia redio yako. Tangu ustaafu hujakanyaga stesheni. Sisi watoto tuliamini ulivyotuambia, kwamba uliacha udereva wa treni ukawa msafisha mabehewa kwa sababu moshi ulikuumiza kifua.

Lakini ngoja kwanza nikuchekeshe. Nimepewa kabati la vitu vidogo, litafunguliwa kwa wageni Jumamosi ijayo. Mna koleo la kutobolea tiketi linaloacha tundu la umbo la moyo. Sijui mkaguzi huyo alikuwa anampenda nani. Mna filimbi iliyopoteza kijiwe cha ndani, ukiipuliza inakohoa tu. Mna na meno ya bandia yaliyosahauliwa kwenye behewa la kulala. Mwenyewe hajarudi mpaka leo, masikini, sijui nyama anaitafunaje.

Na mna kipande cha shaba cha duara, kinajaa kiganja, ambacho wenyewe mnakiita tokeni. Sikujua kazi yake mpaka juzi alipokuja mzee mmoja, dereva mstaafu. Alinieleza kwamba pale reli ilipokuwa moja kwa treni za kwenda na za kurudi, tokeni nayo ilikuwa moja tu, na dereva asiyeishika haingii. Ndivyo mlivyokuwa hamgongani.

Kisha akaanza kucheka peke yake. Akasema hiyo hiyo iliwahi kumkwamisha stesheni kutwa nzima, na treni nyingine ikakwama upande wa pili. Mwenzao mmoja aliposhuka tu, alipokewa na jirani aliyemwambia mkewe anajifungua na hali ni mbaya. Badala ya kuikabidhi tokeni kwa mkuu wa stesheni, akatoka mbio nayo mfukoni. Watu waliisaka mpaka chini ya mabenchi. Yeye yuko hospitali, wala hajui kama anayo, mpaka alipotafuta kitambaa cha kujifutia machozi. Wakubwa hawakumsamehe. Walimvua udereva, wakampa ufagio.

Nilimuuliza dereva huyo alikuwa nani. Akasema wao walimwita Bwana Breki, kwa kuwa alivyokuwa akisimamisha treni, chai ya abiria haimwagiki.

Baba, nilimwomba alitaje tena. Jina hilo Mama hukuita mkitaniana, na uzazi uliokaribia kumuua, sote nyumbani tunajua, ni wangu tu. Na tafadhali usimgombeze, hajafungua mdomo hata mara moja.

Mzee akaniambia hakuwahi kukukasirikia, tena siku ile alipata usingizi mtamu ambao reli haikumpa tena. Kinachomkera ni kimoja: alihamishwa wiki ile ile, habari za tokeni na adhabu yako zikamfuata huko, lakini hakusikia kamwe kama yule mama na mtoto walipona. Miaka yote hii anajiuliza. Nikamwambia mama yupo, analalamikia mgongo tu. Na mtoto pia yupo, ndiye aliyemfungulia kabati. Mzee wa watu alivua kofia, akakaa chini, akalia.

Nami nililia. Uliipoteza kazi uliyoipenda kwa ajili yangu, ukanyamaza nisije nikajiona mzigo. Ahsante, Baba. Neno lenyewe dogo, lakini ndilo nililo nalo. Aibu iko wapi hapo? Ungesimama kwanza ukakabidhi, ukatia sahihi, ukasubiri jibu, leo nani angekuandikia barua hii?

Mzee atakuja Jumamosi, na ameapa asipokukuta atakufuata hadi nyumbani. Njoo, na Mama umlete. Nisalimie majirani wote, hasa yule aliyekuja mbio stesheni, kama bado yupo. Kumbe naye nina deni la kumshukuru.

Ni mimi mwanao,
aliyesimamisha treni mbili.